Ubingwa wa nusu? Ule wa South Carolina 2025 mimi nauita mzima

Naanza na hesabu kabla sijaanza kubishana na mtu. Machi 2, 2025, mjini Columbia, wadada wa kikapu wa chuo cha South Carolina, wanaitwa Gamecocks, walimfunga Kentucky 78-66 wakiwa kwao, wakamaliza ligi ya ukanda wao, SEC, wameshinda 15 wamepoteza moja. Siku hiyohiyo Texas nao wakamfunga Florida wakiwa kwao Austin, nao wakamaliza 15 na moja vilevile. Mabingwa wakawa wawili. Na tangu siku hiyo ukikaa na mashabiki wa kikapu cha vyuo vya Marekani, stori zikifika kwenye ile mechi, hakosi mmoja wa kusema "ah, ule si ulikuwa ubingwa wa nusu tu".

Mimi huo msemo naupinga, na naupinga kwa moyo wangu wote. Naenda mbali zaidi hata: kwa mtazamo wangu ubingwa ule ni mkubwa kuliko ule wa 2023 na wa 2024, ambayo yote South Carolina walichukua kwa 16 bila kupoteza hata mechi moja ya ligi. Najua nikisema hivi kuna watu wataruka, lakini nipeni nafasi nielezee.

Kwanza kwa wale ambao kikapu cha vyuo wanakisikia juu juu. Marekani kuna vyuo zaidi ya 350 vinavyocheza daraja la kwanza, haiwezekani wote wakakutana, kwahiyo wamejigawa kwenye kanda, na kila ukanda una ligi yake. SEC ni ukanda wa kusini kule, na kuanzia Julai 1, 2024 Texas na Oklahoma walivyoingia ukawa na vyuo 16. Yani idadi ileile ya timu za Ligi Kuu yetu ya Bara. Tofauti ni kwamba sisi timu 16 zinacheza mechi 30, nyumbani na ugenini, kila mtu anamtembelea kila mtu, wao wadada wa SEC wanacheza mechi 16 tu. Unakutana na timu 14 mara moja moja, na timu moja unakutana nayo mara mbili. Basi.

Sasa sikiliza ratiba ilivyoamua kufanya msimu ule. Timu moja ambayo South Carolina walipangiwa kukutana nayo mara mbili ilikuwa Texas. Yani mwaka wa kwanza kabisa Texas wanaingia ukanda, wanapewa bingwa mtetezi wa nchi nzima nyumbani na ugenini. Januari 12 Columbia, South Carolina akashinda 67-50. Februari 9 Austin, Texas akashinda 66-62. Na hizo mechi mbili ndo zilimpa kila mmoja kapoteo kake kamoja, kwingine kote walipiga watu wote, 14 kwa 14. Ukijumlisha pointi za hizo mechi mbili South Carolina anaongoza, 129 kwa 116, pointi 13 mbele, mjadala umeisha. Ila kanuni za SEC haziangalii hivo. Kwenye kitabu cha mabingwa wanaandikwa wote wawili, afu nani awe namba moja kwenye mashindano ya mtoano ya ukanda ikaamuliwa kwa kurusha sarafu. Kamishna wa SEC, Greg Sankey, akairusha laivu kwenye tivii ya ukanda, ikaangukia South Carolina.

Hapo ndo penyewe. Watu wengi wameibeba ile sarafu kichwani, ukiwauliza kuhusu Machi 2 wanakwambia sarafu, sarafu, sarafu. Wamesahau kwamba mchana ule, kabla ya sarafu, kulikuwa na mechi, na ile mechi South Carolina akipoteza hakuna sarafu wala nini, Texas anachukua peke yake kwa 15-1 dhidi ya 14-2. Sarafu haikuwapa ubingwa. Sarafu iliwapa namba ya kupanga ratiba ya wiki inayofuata. Ubingwa waliuchukua kwa mikono yao dhidi ya Kentucky, na Kentucky ile ilikuwa timu ya ndani ya 20 bora kitaifa, ina kocha mpya Kenny Brooks aliyetoka Virginia Tech akaja na yule mtoto wa Kiaustralia Georgia Amoore, gadi (mchezaji wa nje anayeongoza mashambulizi) mfupi lakini akishika mpira unaona kabisa mabeki wanarudi nyuma bila kupenda.

Nakumbuka mimi kwetu ilikuwa usiku, naangalia kwa simu nimeiegemeza kwenye chupa ya maji, sauti chini maana watu wamelala, na kitu kilichonishika sio kikapu hata kimoja, ni lile jukwaa. Colonial Life Arena inachukua watu 18,000. Msimu ule wastani wao ulikuwa zaidi ya watu 16,000 kwa mechi, na South Carolina wamekuwa wakiongoza nchi nzima kwa mashabiki kwenye kikapu cha wanawake kila msimu tangu 2014-15. Ukiangalia sura za pale unaona wamama wa makamo na mabibi kabisa, wengine wamekaa na wajukuu, wamevaa bordo na nyeusi, mpira ukiwa kwa mpinzani wanasimama wote. Dawn Staley, kocha, hawaiti mashabiki, anawaita familia. Na sio maneno ya kuuza tiketi, maana huyu mama alifika pale 2008 akitokea chuo cha Temple, msimu wake wa kwanza akashinda 10 akapoteza 18, kwenye ukanda 2 kwa 12. Mbili kwa kumi na mbili! Viti vilikuwa vitupu. Wale waliokuwepo kipindi kile wengine bado wapo palepale, viti vilevile.

Turudi kwenye hoja. Kwa nini nasema ubingwa wa 2025 ni mkubwa kuliko ile ya 16-0.

Ile ya 2023 na 2024 ilikuwa raha lakini hakuna aliyetetemeka. Mwaka 2023 wana Aliyah Boston, 2024 wana Kamilla Cardoso yule Mbrazili senta, walikuwa wanaingia uwanjani mpinzani keshakata tamaa kwenye basi. Msimu wa 2024-25 Cardoso kashaondoka kwenda kucheza na wakubwa. Novemba wakaenda kwa UCLA wakafungwa 77-62, na ushindi mfululizo wa mechi 43 ukaishia hapo. Januari 5, mechi na Mississippi State, Ashlyn Watkins akaumia goti, msimu wake ukaisha, na Watkins ndo alikuwa mtu wa kuruka na kuzuia mipira pale ndani. Februari 9 wakapoteza kwa Texas, na hiyo ikakata mechi 57 mfululizo za ligi ya SEC bila kufungwa, fikiria 57, tangu mwisho wa Desemba 2021. Afu wiki moja baadae ikaja ile ya UConn, chuo cha Connecticut.

Hii ya UConn lazima niiongelee maana inauma hadi leo. Februari 16, Columbia, UConn wakaja wakashinda 87-58. Pointi 29. Kwao. South Carolina walikuwa hawajapoteza nyumbani mechi 71, tangu Desemba 2020. Sisi Watanzania UConn tunaijua kwa sababu ya Hasheem Thabeet, ndo chuo alichochezea mpaka akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA ya 2009, pale timu za kulipwa zinapochagua wachezaji wapya, wengi wetu ndo tulianzia hapo kufuatilia hivi vyuo, kwahiyo usiku ule kuna jamaa zangu walikuwa wanashangilia. Mimi nilizima simu robo ya nne. Kimahesabu ile mechi haikugusa ligi, UConn hawako SEC, msimamo ulibaki vilevile. Lakini kichwani mwa wachezaji? Timu ambayo haijui kufungwa kwao imefungwa 29 mbele ya watu wao wote, wazee wale wote wamekaa kimya.

Kutoka siku hiyo mpaka Machi 2 ni wiki mbili kamili. Wiki mbili za kuamua kama nyie bado ni nyie. Na wakashinda zote, ugenini na nyumbani, mpaka ikabaki Kentucky. Hakukuwa na mwanya hata wa mechi moja kwa sababu Texas hawakuwa wanapoteza. Hii presha ya kumfukuza mtu ambae hatelezi, kila ukimaliza mechi yako unaangalia matokeo kwenye simu, wenzako nao wameshinda, kesho tena, hii presha timu za 16-0 hazikuwahi kuionja. Ndo maana nasema ule wa 2025 ulikuwa na uzito wake.

Na waliucheza bila nyota mmoja wa kubeba timu. Msimu mzima hakuna hata mmoja aliyefikisha wastani wa pointi 13. Anayeongoza ni Joyce Edwards, mwaka wa kwanza chuo, mtoto wa Camden hapohapo jimboni. MiLaysia Fulwiley ambae ni wa Columbia kabisa, kipaji ambacho timu nyingi kingeanza kila mechi, alikuwa anatokea benchi. Staley anaanza na Raven Johnson, Te-Hina Paopao, Bree Hall, Chloe Kitts na Sania Feagin, anakuachia upumue dakika chache, afu anaingiza wengine wenye miguu mipya na wewe watano wako ni walewale. Ukiangalia mechi zao vizuri zinavunjika robo ya tatu na ya nne, sio kwa sababu ya mbinu fulani ya ajabu, ni miguu. Mpinzani anaanza kurudi ulinzi anatembea, rebaundi (mpira uliokosa kikapu) aliyokuwa anairukia anaitazama. Kentucky ana wachezaji wazuri lakini kukaa na kitu kama kile dakika 40, kwenye lile jukwaa, ni kazi.

Sasa kuna hoja ya upande wa pili na nataka niipe haki yake maana sio ya kijinga. Wanasema South Carolina walibebwa na ratiba, wakubwa waliwapata nyumbani. Ni kweli LSU walikuja Columbia, wakafungwa 66-56, na South Carolina hawakwenda Baton Rouge, kwao LSU. Ni kweli Kentucky nao walikuja tu, hawakutembelewa. Ukikutana na mtu mara moja, suala la nani yuko kwake linakuwa kubwa sana, hili nalikubali kabisa na ndo udhaifu wa ligi ya mechi 16 kwa timu 16. Lakini Texas nao walimpata LSU Austin. Na zaidi ya yote hawa wawili walikutana kwa kila mmoja kwake, kwahiyo pale penye kuamua ubingwa palikuwa sawa kabisa, huyu kashinda kwake kwa 17, yule kashinda kwake kwa 4. Ukitaka kulia na ratiba lia, ila uanze na hizo mbili.

Hoja nyingine ndo inayonichosha zaidi, ile ya "ligi ya ukanda nani anaijali, kinachohesabika ni Machi", yani mtoano wa kitaifa. Sikilizeni. Mtoano mimi naupenda, nakesha kwa ajili yake. Ila mtoano ni mechi moja, ukiteleza umefungasha virago. Shabiki wa South Carolina ndo wa mwisho kuambiwa mtoano ndo kipimo, maana yeye ameona kila kitu. Mwaka 2020 timu yake ilikuwa 32 kwa 1, namba moja nchini, 16-0 ligi, Machi 12 korona ikafuta mashindano yote ya kitaifa, kilichobaki mkononi ni ubingwa wa SEC. Mwaka 2022 wakachukua ligi kwa 15-1, wakaenda fainali ya mtoano wa ukanda wakafungwa na Kentucky, huyuhuyu Kentucky, akiwa ameingia kama namba saba, 64-62 kwa pointi tatu ya sekunde za mwisho, na mwezi uleule wakaenda mbele, mwanzoni mwa Aprili wakawa mabingwa wa nchi. Mwaka 2023 wakafika nusu fainali ya taifa hawajafungwa mechi yoyote, 36-0, Iowa akawatoa 77-73. Unaona? Mechi moja inaweza ikakwambia chochote. Miezi miwili ya ligi haidanganyi hivo.

Na kama bado unataka mtoano ukuamulie kati ya South Carolina na Texas, basi uliamua. Walikutana mara mbili tena. Fainali ya SEC kule Greenville, South Carolina 64-45. Nusu fainali ya taifa kule Tampa, South Carolina 74-57. Mechi nne msimu mmoja, tatu kashinda South Carolina na zote kwa 17 au zaidi, moja kashinda Texas kwa 4. (Fainali ya taifa UConn akawarudia, 82-59, na hapo sina la kutetea, UConn ile ilikuwa bora, nukta.) Kwa hiyo huyo anayesema nusu, nusu ipi hasa anayoizungumzia? Texas anastahili jina lake kwenye kitabu, alishinda 15, Vic Schaefer ni kocha mkubwa na ana historia yake na Staley tangu fainali ya taifa ya 2017 akiwa Mississippi State, siku South Carolina wanachukua taji lao la kwanza 67-55. Ila jina lake kuwepo halipunguzi la mwenzake.

Kuna kitu cha Staley ambacho huwa nakifikiria nikisikia hili neno nusu. Carolyn Peck, aliyekuwa mwanamke wa kwanza mweusi kuchukua ubingwa wa taifa akiwa kocha, na Purdue mwaka 1999, alikata kipande cha wavu wake, ule wa kwenye ringi ambao bingwa huukata kuwa kumbukumbu, akampa Staley akae nacho mpaka na yeye atakapochukua wa kwake. Staley akakaa nacho miaka. 2017 akachukua. Baadae akaukata wavu wake vipande vipande, akawatumia makocha wanawake weusi vyuo mbalimbali, kila mmoja kipande chake. Uzi mweupe mfupi tu wa kufungia hata mkaa haufai, na kuna watu wameuweka kwenye fremu ofisini. Wavu ule haukupungua kwa kugawanywa.

Niseme na kuhusu wale wa mwaka wa mwisho maana Machi 2 ilikuwa siku yao. Bree Hall na Sania Feagin walifika 2021. Katika miaka minne yao mechi ya nyumbani waliyofungwa ni moja tu, ile ya UConn. Sasa jaribu kuvaa viatu vyao, unaagwa mbele ya familia, wazazi wameshikilia maua katikati ya uwanja, na kumbukumbu ya karibuni ya kipigo kwenye ile sakafu ya mbao ina wiki mbili tu, na ukifungwa leo taji linaenda Austin. Wengi tungecheza na machozi. Wao walicheza kikapu, wakashinda kwa 12.

Kwa ndugu zetu Wakenya hii timu ilipata maana nyingine pia msimu wa 2025-26. Madina Okot, dada wa Mumias aliyetoka chuo cha Zetech cha Kenya akaenda Mississippi State, alicheza SEC msimu uleule wa 2024-25, na msimu ulivyoisha akahamia South Carolina. Urefu futi sita na inchi sita, rebaundi anazifuata kama ana deni nazo. Alikwenda sehemu ambayo anajua mwenyewe ugumu wake kwa sababu alishakutana nayo akiwa upande wa pili, na niliona vijana wengi wa Nairobi na hata huku Dar walianza kuulizia ratiba ya Gamecocks kwa sababu yake. Karibuni, na mkikutana na wabishi wa sarafu mjue pa kuanzia.

Nje ya ule uwanja kuna sanamu ya A'ja Wilson, shaba, futi 11, wameisimamisha Januari 2021. A'ja ni mtoto wa Hopkins, nje kidogo ya Columbia, ndo aliyeongoza ule ubingwa wa 2017. Siku ya kuzindua alisimulia kuhusu bibi yake, Hattie Rakes, kwamba alipokuwa mtoto hakuruhusiwa kukatiza eneo la chuo kwa sababu ya rangi yake, alikuwa anazunguka. Chuo kile kilirudi kupokea wanafunzi weusi Septemba 1963 tu. Jioni ya Machi 2 watu wanatoka uwanjani, wale mabibi na wajukuu wao, wanapita mbele ya ile sanamu, wengine wanasimama kupiga picha, na sarafu ya Sankey ilikuwa bado haijarushwa.